Ngano ya Punje za Ngano: Historia ya Namba ya Sataranji

Katika Kiswahili neno ngano lina maana mbili zisizohusiana: nafaka inayosagwa unga, na hadithi ya kale inayopokezwa kwa mdomo. Ni nadra maana hizo kukutana kama zinavyokutana katika kisa cha Sisa, mbunifu wa mchezo wa sataranji. Mfalme wa Bara Hindi, kama inavyosimuliwa, aliupenda mchezo huo mpya, akamtaka Sisa achague zawadi. Sisa akaomba punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa nyumba ya pili, nne kwa ya tatu, na kila nyumba ipate maradufu ya ile iliyoitangulia, hadi nyumba ya 64. Mfalme alikasirika kuombwa kitu duni kiasi hicho. Kisha makarani wake wakamrudia na habari kwamba ghala zote za ufalme hazitoshi kulipa deni.

Jumla ya punje hizo ni 18,446,744,073,709,551,615, namba yenye tarakimu 20. Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye mshangao wa mfalme. Hata hivyo namba yenyewe ina historia inayoweza kuthibitishwa vizuri zaidi kuliko habari za mfalme na mbunifu wake. Kwa zaidi ya miaka 1,000 imepita mikononi mwa makarani, makadhi, wanafalaki na wanahisabati, na kila zama ziliiuliza swali lake. Wa mwanzo waliuliza: ni ngapi? Waliofuata waliuliza: imeundwa na nini? Katika njia ya kutoka swali la kwanza kwenda la pili lilijificha kosa la mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya, kosa lililodumu miaka 92.

Kisa hicho kinapatikana tayari katika tarikh ya al-Yaqubi, mwanahistoria wa karne ya 9. Lakini masimulizi yenye manufaa zaidi kwa mwanahistoria wa hesabu ni ya Ibn Khallikan, aliyezaliwa Irbil mwaka 1211, akawa kadhi mkuu wa Damascus, na akafariki mwaka 1282. Katika kamusi yake kubwa ya wasifu wa watu mashuhuri, alipofika kwa al-Suli, bingwa wa sataranji wa karne ya 10, alikatiza wasifu ili aeleze asili ya mchezo wenyewe. Humo ndimo anamotajwa Sisa bin Dahir na mfalme aitwaye Shihram. Kadhi huyo hakukubali kisa kwa kuwa tu kimesimuliwa. Anaeleza kwamba alikuwa na shaka kama kweli hesabu ingefikia kiasi kinachodaiwa, mpaka alipokutana na karani mmoja wa hesabu wa Iskandaria aliyemwonyesha jambo hilo kwa karatasi.

Njia ya karani yule inastahili kuangaliwa hatua kwa hatua. Alianza kuzidisha maradufu tangu nyumba ya kwanza, na katika nyumba ya 16 akapata punje 32,768. Hapo akaacha kuhesabu punje. Alisema kiasi hicho kinajaza kadaha moja, kipimo cha nafaka cha Misri, na kwamba amelijaribu jambo hilo kwa mkono wake. Kutoka hapo akahesabu kwa kadaha. Katika nyumba ya 20 alipata kadaha 16, ambazo ni waiba moja. Waiba sita ni ardabu moja. Na katika nyumba ya 40 akawa na ardabu 174,762 na theluthi mbili. Kiasi hicho akakiita ghala moja, maana hakuna ghala linaloweza kubeba zaidi. Katika nyumba ya 50 ghala zikawa 1,024, naye akaziita mji mmoja. Alipofika nyumba ya 64 alikuwa na miji 16,384 iliyojaa ghala zilizojaa ngano, na dunia nzima, alisema, haina miji mingi kiasi hicho.

Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki ataitambua hesabu hii. Ni akili ya soko la nafaka, ambako kibaba hupanda kuwa pishi kwa vibaba vinne na hakuna anayehesabu punje. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba inaeleza kuongeza, yaani kidogo juu ya kidogo. Karani wa Iskandaria alikabiliana na jambo kali zaidi, yaani kuzidisha maradufu, naye alilifanya lieleweke kwa kubadilisha chombo kila kilipojaa. Ukikagua hesabu yake leo, kila hatua ni sahihi: kadaha 16,777,216 za nyumba ya 40, zikigawanywa kwa 96, hutoa ardabu zilezile alizozitaja. Ibn Khallikan hakuwa na la kupinga isipokuwa lile dai la ujazo wa kadaha, na hilo alimwachia karani mwenyewe alibebe.

Kuna jambo la kusikitisha humu. Historia imehifadhi jina la Sisa na la Shihram, ambao hakuna ushahidi kwamba waliishi. Karani aliyefanya hesabu kweli, kwa karatasi na kadaha mkononi, hakutajwa jina. Anabaki kuwa mmoja wa watu wa hesabu wa Iskandaria tu, ingawa bila yeye kadhi angeendelea kubaki na shaka yake.

Zaidi ya miaka 200 kabla ya mazungumzo hayo, namba yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa kikamilifu, tarakimu kwa tarakimu. Abu Rayhan al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm wa mwaka 973, aliiandika katika kitabu chake kuhusu kalenda na mabaki ya umma za kale, alichokitunga karibu na mwaka 1000. Al-Biruni hakuhitaji kuzidisha maradufu mara 63. Alitumia kanuni mbili. Ya kwanza inasema kwamba namba ya nyumba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba ya nyumba iliyo mbele kwa umbali uleule uliopo kati ya nyumba ya kwanza na hiyo. Nyumba ya 5 ina punje 16. Kutoka ya kwanza hadi ya 5 ni hatua nne. Basi 16 mara 16, yaani 256, ni punje za nyumba ya 9. Ya pili inasema kwamba namba ya nyumba yoyote ikipunguzwa moja ni sawa na jumla ya nyumba zote zilizoitangulia.

Kwa kanuni hizo kazi nzima inakuwa fupi. Mbili mara mbili ni 4. Nne mara nne ni 16. Kumi na sita mara yenyewe ni 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296, kisha 18,446,744,073,709,551,616. Hiyo ya mwisho ingekuwa ya nyumba ya 65, nyumba isiyokuwepo kwenye ubao. Ipunguze moja, na deni la mfalme limepatikana kwa kuzidisha mara sita tu.

Msomaji aiweke akilini orodha hiyo fupi: 2, 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296. Ndiyo ngazi ya al-Biruni. Hakuna dalili kwamba mtu yeyote wa zama zake aliiona kuwa zaidi ya ngazi, kitu cha kupandia na kuachwa kazi inapokwisha. Hesabu ya sataranji ilisafiri hadi Ulaya, na mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kwa jina la Fibonacci, aliyejifunza hesabu za tarakimu za Kihindi katika mji wa Bugia kwenye pwani ya Aljeria ya leo, aliiweka katika kitabu chake cha hesabu. Huko nako iliendelea kuwa swali la kiasi, yaani ni punje ngapi na ni mzigo gani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1640, nayo yalikuja bila kutaja sataranji. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefanya hisabati kama burudani ya faragha, alimwandikia Frénicle de Bessy barua kuhusu namba tasa, yaani namba zisizogawanyika kwa nyingine yoyote isipokuwa moja na zenyewe. Fermat alichukua namba zilezile za ngazi ya al-Biruni, akaongeza moja juu ya kila daraja. Akapata 3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297, na akaendelea hadi 18,446,744,073,709,551,617. Namba hizi zote, aliandika, ni tasa, na zitakazofuata bila kikomo zitakuwa tasa vilevile. Alikiri kwamba hana uthibitisho kamili, lakini alisema amekwisha kuondoa vigawo vingi kiasi kwamba ni vigumu kwake kubadili mawazo.

Tano za kwanza ni tasa kweli. Ya sita ndiyo iliyomwangusha. Lakini Fermat alifariki mwaka 1665 bila kujua, na waliomfuata hawakuwa na haraka ya kumpinga mtu ambaye madai yake mengine yalikuwa yakithibitika moja baada ya jingine. Wanazuoni wa Kiislamu wana neno kwa hali hiyo: taklidi, yaani kufuata kauli ya mkubwa bila kudai dalili. Hisabati hujivunia kuwa elimu isiyo na taklidi, na kwa sehemu kubwa inastahili sifa hiyo. Hata hivyo dai hili liliishi kwa heshima ya aliyelisema kwa karibu karne nzima.

Mnamo Desemba 1729, Christian Goldbach alimwandikia kijana wa miaka 22 aliyekuwa katika chuo cha wanazuoni cha St. Petersburg, Leonhard Euler. Mwishoni mwa barua alimuuliza kama analifahamu neno la Fermat kuhusu namba hizo, akaongeza kwamba Fermat mwenyewe alikiri kutoweza kulithibitisha. Mwanzoni Euler hakuvutiwa sana. Mwaka uliofuata Goldbach aligundua jambo jingine: namba hizo hazina kigawo cha pamoja hata kimoja zaidi ya moja, kila moja ikiwa na vigawo vyake peke yake. Mwaka 1732 Euler alitoa jibu fupi mbele ya chuo chake. Namba 4,294,967,297 si tasa. Inagawanyika kwa 641, na hisa yake ni 6,700,417.

Jibu lenyewe linaweza kukaguliwa na mwanafunzi wa shule ya msingi kwa penseli na nusu ukurasa. Jambo gumu lilikuwa kujua pa kutafuta. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1750 Euler alieleza siri: kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kiwe na umbo la 64 mara namba fulani, kisha kuongeza moja. Kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu 3, 7, 11 na kuendelea. Orodha ya namba tasa zenye umbo hilo huanza 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano ndilo linalofaulu. Na kwa kuwa 257 imo tayari katika orodha ya Fermat, hoja ya Goldbach inaiondoa hata kabla ya kugawanya. Uchungu wa kisa hiki ni kwamba zana aliyoitumia Euler kulipata umbo hilo ilitokana na kanuni aliyoitangaza Fermat mwenyewe mwaka uleule wa 1640. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenye nyumba.

Hapo ndipo namba ya sataranji inaporudi. Kuna kanuni ya zamani kwamba namba ikizidishwa kwa yenyewe kisha ikapunguzwa moja, jibu ni zao la namba mbili: ile iliyo chini yake kwa moja na ile iliyo juu yake kwa moja. Kumi na sita mara kumi na sita, kutoa moja, ni 255, na 255 ni 15 mara 17. Namba ya al-Biruni ilipatikana kwa kuzidisha namba kwa yenyewe mara sita na kutoa moja mwishoni. Kwa hiyo inafunguka yenyewe kama kanga zilizokunjwa pamoja: ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537 mara 4,294,967,297. Namba sita za Fermat, zote, zimo ndani ya deni la Sisa na hakuna kitu kingine humo. Kigawo cha Euler, 641, kilikuwa kimelala ndani ya ghala la mfalme tangu siku ngano hiyo iliposimuliwa kwa mara ya kwanza.

Uchambuzi huo unaiwezesha namba hii kuwekwa katika mafungu yaliyotambuliwa tangu kale. Ni witiri. Si tasa. Vigawo vyake tasa ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417, wala hakuna kinachojirudia, na kutokana navyo hupatikana vigawo 128 kwa jumla. Nikomako, mwanahisabati wa Kigiriki ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Thabit bin Qurra katika karne ya 9, aligawa namba katika makundi matatu kwa kujumlisha vigawo vyake bila kuihesabu namba yenyewe. Jumla ikizidi namba, namba ni zidifu. Ikilingana nayo, ni kamilifu. Ikipungua, ni pungufu. Deni la Sisa, pamoja na ukubwa wake wote, ni pungufu: vigawo vyake vikijumlishwa hufikia takriban asilimia 70 tu ya namba yenyewe. Nyumba ya 64 pekee iko karibu zaidi na ukamilifu. Vigawo vya punje zake ni punje za nyumba 63 zilizoitangulia, na jumla yao hupungua kwa punje moja.

Ubao huohuo unahifadhi namba kamilifu pia, kwa anayejua pa kusimama. Euclid alithibitisha kanuni ambayo katika lugha ya sataranji inasema hivi: jumlisha punje tangu nyumba ya kwanza hadi ulipo, jumla ikiwa tasa, izidishe kwa punje za nyumba uliyosimama, na utapata namba kamilifu. Nyumba ya 2 hutoa 6, ya 3 hutoa 28, ya 5 hutoa 496, ya 7 hutoa 8,128. Katika nyumba 64 ziko tisa tu zenye sifa hiyo: ya 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31 na 61. Ya 61 haikuwemo katika orodha maarufu ya mtawa Marin Mersenne ya mwaka 1644, na ilithibitishwa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, padri wa kijijini nchini Urusi. Humo nako mtu asiye na cheo kikubwa alisahihisha orodha ya mtu mwenye jina.

Namba za Fermat zilipata heshima nyingine kwa Carl Friedrich Gauss. Mwaka 1796, kabla ya kutimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 alieleza kwamba jambo hilo linawezekana kwa pande zozote ambazo idadi yake ni zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Zidisha tano zinazojulikana, kutoka 3 hadi 65,537, na jibu ni 4,294,967,295, ambayo ni jumla ya nusu ya kwanza ya ubao, nyumba 32. Hiyo ndiyo idadi kubwa zaidi ya witiri inayojulikana kwa michoro ya namna hiyo. Ubao mzima hauwezekani. Kinachouzuia ni 641 na mwenzake.

Namba ya mwisho katika orodha ya Fermat ilisubiri zaidi. Inazidi deni la Sisa kwa mbili tu. Tarehe 1 Januari 1855, Thomas Clausen, mwanafalaki wa Kideni, alimwandikia Gauss kwamba namba hiyo ni 274,177 mara 67,280,421,310,721. Mfaransa Fortuné Landry alitangaza jibu hilohilo mwaka 1880. Tangu hapo kila namba ya Fermat iliyochunguzwa hadi mwisho imeonekana kuwa na vigawo, na hakuna tasa ya sita iliyopatikana. Dai lililosema zote linasimama leo kwa tano za mwanzo peke yake.

Kwa watu wa leo namba ya al-Biruni imekuwa jambo la kila siku bila wao kujua. Kompyuta na simu nyingi huhifadhi namba katika vyumba vya biti 64, na kila biti huwa ama sifuri ama moja, kama nyumba ya ubao iliyowekwa au isiyowekwa punje zake. Vyumba vyote vikijaa, namba kubwa kabisa inayoandikika humo bila alama ya kutoa ni 18,446,744,073,709,551,615. Ukiongeza moja, chumba hurudi sifuri. Makarani wa Shihram wangeufurahia mfumo huo wa kufuta deni.

Ukitazama safari nzima, mfalme wa ngano aliponzwa na kuamini jicho lake: punje chache zilionekana chache. Wasomaji wa Fermat waliponzwa na jambo jingine, la kuamini kwamba mkubwa akisema amejaribu vya kutosha, basi imetosha. Dawa ya makosa yote mawili ilikuwa moja, na waliokuwa nayo walikuwa watu wa mbalimbali sana: kadhi aliyekiri shaka yake, karani aliyejaza kadaha kwa mkono, Goldbach aliyeuliza swali mwishoni mwa barua, na Euler aliyekaa chini akagawanya. Watatu kati yao wana majina vitabuni. Wa Iskandaria hana, lakini hesabu yake ingali hapo, na yeyote mwenye karatasi anaweza kuikagua.